Barua ya Nne ya Fundi Kimya

Mguu wa kigoda ulikuwa umelegea tena, mara ya tisa sasa, na Fundi Kimya alijua fika kwamba mguu aliouchomeka yeye kwa gundi na kabari haulegei wenyewe. Aliona hata alama za nyundo pembeni, za mtu asiyejua kushika nyundo. Hakusema kitu. Alimsogezea benchi mwenye kigoda, akaendelea kupiga randa mbao ya kabati.

Huko kutosema ndiko kulikompa jina. Fundi alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Neno moja liliweza kumkwama kooni mpaka mteja amalize kuhesabu misumari yote ya kwenye kopo. Ajabu ni kwamba mtu huyu, tangu ana miaka ishirini na mitatu, alitaka jambo moja tu duniani: kuwa mchungaji. Aliomba nafasi katika chuo cha uchungaji mara tatu. Mara tatu wakamjibu kwa barua fupi, mistari minne, muhuri na sahihi, hapana. Zote alizihifadhi ndani ya Biblia yake kama mtu anayehifadhi vyeti.

Mwaka huu alikuwa ameomba mara ya nne, nayo ndiyo ya mwisho, maana chuo hakichukui mtu aliyefikisha miaka arobaini na mitano, na yeye alikuwa anaitimiza mwezi ujao.

"Baba watoto," mkewe alimwambia bila kumficha, "wakikukataa safari hii nitashukuru. Nimechoka kupiga pasi shati la usaili ambalo halijawahi kuitwa kwenye usaili."

Barua ikisubiriwa, karakana haikukosa watu, na wengi hawakuwa na haraka. Msichana aliyekuja kupimisha kabati la harusi alikaa saa nzima akieleza jinsi anavyomwogopa mama mkwe. Dereva wa lori alileta kiti kidogo cha mtoto wake aliyefariki, akataka kitengenezwe vizuri ingawa hakuna tena wa kukikalia. Fundi aliwasikiliza wote, kwa sababu mwenye kigugumizi hana mbio za kumkatiza mwenzake. Mwisho aliweka randa chini, akafumba macho, akaomba sala ya maneno matano au sita, kila moja likitoka kwa jasho. Watu walisema ile sala inaingia mpaka kwenye mifupa.

Huyu mwenye kigoda alikuwa mgeni mtaani, mzee mstaafu aliyefiwa na mkewe akahamia kwa binti yake. Walimwita Mzee Kigoda. Siku ya kwanza kigoda chake kilikuwa kimevunjika kweli. Fundi alikuwa na utaratibu wake: kila anayeacha kitu atie sahihi ya chaki upande wa chini, kwa sababu zamani aliwahi kugombanisha mawifi wawili kwa meza moja. Mzee akatia sahihi. Fundi akakigeuza kigoda, akaitazama ile sahihi, akaingia chumbani na kukawia kidogo kama mtu anayetafuta miwani. Alirudi bila miwani, ila na chai vikombe viwili.

Tangu hapo mzee akawa mtu wa kila Alhamisi. Alimweleza fundi kwamba tangu afiwe hawezi kuomba. Zamani alikuwa hodari wa sala, maneno yanamiminika tu. Sasa akifumba macho anaona giza na hapati hata neno moja. Fundi akamwombea kwa yale maneno yake matano au sita. Mzee akaenda nyumbani, akalala usingizi mzuri. Ndipo kigoda kikaanza kulegea kila wiki.

Basi, Alhamisi hii, mke wa fundi akaingia karakana na bahasha mkononi. Aliifungua mwenyewe na kuisoma kwa sauti, maana mikono ya mumewe ilikuwa na gundi. Wamemkataa. Na yule mama aliyesema atashukuru ndiye aliyetangulia kujifuta machozi kwa upindo wa nguo.

Fundi alisimama akiungoja uchungu uje, ule wa barua zile nyingine, uliokuwa ukimlaza kitandani siku mbili. Haukuja. Akatazama benchi lilivyolainika kwa watu waliolikalia, akatazama maranda sakafuni, akaanza kucheka, kicheko cha tumboni kabisa. Kwa shida, neno kwa neno, akawaambia kwamba miaka ishirini na miwili amemwomba Mungu kanisa, na Mungu alishampa kitambo, ila yeye hakulitambua kwa sababu lina vumbi la mbao. Tena washarika nao amempa, na hawasinzii.

"Mama watoto," akasema, "lile shati nipe, ni... nifutie gundi."

Mkewe akacheka huku analia, akampiga kofi la begani. Mzee Kigoda peke yake hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Fundi, mimi nilikuwa mkuu wa chuo kile miaka thelathini," akasema. "Barua zako tatu za mwanzo nilizitia sahihi mimi. Niliandika kwamba mtu asiyeweza kusema hawezi kuchunga watu."

Fundi akapuliza maranda juu ya mbao, bila kuinua macho.

"Na... najua, Mkuu," akasema. "Tangu siku ya kwanza."