Wanawe Saba

"Nimewaita binamu zake wote," mama mkwe alisema. "Waambukizwe leo, wamalize pamoja. Tetekuwanga ni ya watoto tu."

Nilikuwa nampaka binti yangu dawa ya mwasho kwa pamba, kipele kimoja kimoja. Vingine vilikuwa vimejaa maji, vinangoja kupasuka.

"Mama, daktari kasema asikaribiane na watu mpaka vikauke. Hasa wajawazito."

"Huyo daktari kalea wangapi? Mimi wanangu saba waliugua pamoja, wakapona pamoja."

Hao saba wamenifika hapa shingoni. Kila nikifungua mdomo, natupiwa hao saba.

Mlango ukafunguliwa. Wifi yangu akaingia na wanawe, tumbo mbele, mimba ya miezi minane. Kabla sijaweka pamba chini, binti yangu alishamrukia shangazi yake. Wifi akambusu shavuni, juu ya kipele kilichopasuka.

"Wifi! Wewe uliwahi kuugua tetekuwanga?"

"Sikumbuki. Mama ndiye anajua."

Mama mkwe akaanza kuwataja wanawe aliowauguza, akikunja kidole kwa kila mmoja. Akafika sita, akamtazama wifi. Cha saba kikabaki kimesimama.