Viatu vya Picha

Jumatatu, tarehe tatu Juni, manyunyu yalianza alfajiri. Watu waliingia ukumbini kutazama kurasa za zamani za jarida la vita la serikali. Mzee Kihwele, aliyelipigia picha, aliwakaribisha. Bi Tulalumba akagusa picha ya marehemu mwanawe, askari aliyevaa viatu vya kung'aa.

"Mwone, kama bwana harusi! Mola ashukuriwe, angalau hakufa pekupeku."

Mzee Kihwele alivijua viatu vile. Ofisi ya jarida ilikuwa na jozi moja tu. Kila askari alivivaa, akatabasamu, akavivua.

"Nisamehe, mama. Vilikuwa vya picha tu."

Kidole cha Bi Tulalumba kikateremka, kikavifunika viatu.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu," mzee alisema, "nitaandika ukweli chini ya kila picha. Nitaanza na hii."