Ulimi wa Karekezi

Hadithi hii ni ya kweli kuanzia neno la kwanza mpaka nukta. Kama nimeongeza chumvi hata punje moja, mlima wa moto wa Nyiragongo na uniunguze hizi nyusi chache nilizobakiwa nazo. Nilikuwepo, tena nilikaa mbele kabisa.

Karekezi alikuwa amekwisha kufungwa kitambaa machoni wakati Gakwaya, mwanajeshi mstaafu, alipoanza uchokozi.

"Mzee, leo iko ulimi ao iko redio? Maana we unasemaka sana!"

Watu wakacheka. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, kwenye bustani ya Umurerwa, muuza divai, hatua chache kutoka ziwani. Kila mwaka Umurerwa hufungua divai nyeupe tatu za nchi tatu, na mtu aliyefungwa macho hutafuta ni ipi iliyotokana na zabibu za Rislingi. Mtu huyo ni Karekezi. Miaka mitatu mfululizo hakukosea.

Asiyemjua ni lazima aambiwe. Karekezi alikulia Karagwe, akarudi kwao Gisenyi, akahudumu mezani katika hoteli moja ya ufukweni miaka thelathini na mmoja. Divai hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa mabaki ya bilauri za wageni. Enzi zake, ukimpa kizibo anuse, alikutajia kijiji, mwaka, na kama mkulima aligombana na mkewe wakati wa mavuno. Baadaye ikaja ile homa ya barakoa. Ilimlaza wiki mbili, akapona vizuri, ila tangu hapo alilalamika kwamba wapishi wote wa Gisenyi wamekuwa wavivu wa chumvi.

Mezani palikuwa na bilauri nne: tatu za divai, ya nne maji ya bomba ya kusukutua kinywa. Nyuma ya meza alisimama Mama Nziza, mkewe. Kwetu kinywaji hakimfikii mtu kabla aliyekileta hajakionja mwenyewe, ionekane hakuna sumu. Kazi hiyo ilikuwa yake: anaonja kidogo, anampa mumewe.

"Na mama je?" Gakwaya akauliza. "Si yeye ndiye anakunywaka wa kwanza? Bon, pengine ndiye anajua!"

Karekezi akatabasamu chini ya kitambaa. "Huyu? Huyu anaonja sumu tu, ndugu yangu. Ulimi wake ni mwiko: umezunguka vyungu vyote, na haujui ladha ya hata kimoja."

Kicheko kilifika ziwani. Mama Nziza naye alicheka, kisha akafunga kitenge chake upya, polepole.

Kicheko cha watu hulevya kuliko divai. "Sikilizeni!" Karekezi akapaza sauti. "Mtu yeyote akinishinda leo, hata huyu mke wangu, amchukue Gaju."

Gaju ni ng'ombe wake wa pekee, rangi ya udongo mwekundu, mwenye mimba ya miezi saba. Asubuhi Karekezi alimwamkia yeye kwanza, wajukuu baadaye.

"Umesema mbele ya watu, mzee," alisema Umurerwa.

"Nimesema."

Mama Nziza akaonja bilauri ya kwanza, akampa kwa mkono mmoja. Karekezi akaizungusha, akainusa, akanywa, akatikisa kichwa. Ya pili ikaja kwa mkono mmoja. Akatikisa kichwa tena. Ya tatu Mama Nziza aliionja, akakaa nayo kidogo. Halafu akainyoosha kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha.

Vidole vya Karekezi vikagusa mikono yote miwili, mabega yake yakashuka kwa raha. Akanywa funda moja, akalizungusha mdomoni, akameza.

"Hii! Rislingi, tena ya Alsasi. Tufaha bichi. Ganda la limau. Jiwe lililonyeshewa. Na kwa mbali, mnisikilize vizuri, petroli, kama kibatari kilichozimwa jana. Hapo ndipo Rislingi yenye umri inapojulikana."

Hakuna aliyepiga makofi.

"Mzee," Gakwaya alisema akijifuta machozi ya kicheko, "hiyo petroli imeingia kwa bomba lini?"

Karekezi akavuta kitambaa. Mezani zilikuwa bilauri tatu za rangi ya majani makavu. Ile iliyokuwa mkononi mwake haikuwa na rangi yoyote.

"Basi Rislingi ni ipi?" Umurerwa akauliza. "Kuna anayejua?"

"Ya kwanza," alisema Mama Nziza, akijifuta vidole. "Na si ya Alsasi, ni ya Ujerumani, ina utamu kidogo. Halafu, mwanangu, chupa usiiache dirishani. Jua limeigusa."

Umurerwa akafunua gazeti alilokuwa amefungia chupa hiyo, akasoma, akajishika mdomo.

Karekezi alimsogelea mkewe. "Mikono miwili, Mama Nziza. Tulikubaliana mikono miwili ni..." Akaona watu wametega masikio.

"Ni heshima," alijibu Mama Nziza, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Au kwenu mume anapewaje?"

Na akamtazama kama wageni wa hoteli walivyomtazama miaka ile thelathini na mmoja: bila kumwona.

Gaju hakutoka hata nje ya ua. Ila siku hizi asubuhi, nikitaka maziwa ya chai, nabisha hodi mlango wa jikoni, namwomba Mama Nziza, na kikombe nakipokea kwa mikono miwili.