Hitima ya Watu wa Ukutani

Sheria ilitaka sura ya kila marehemu asiye na jamaa ifutwe, hata iwe kwenye mchoro. Kuta za majirani zilikwishabaki na kanzu na kanga zinazotembea bila nyuso.

Afisa Makame aliingia sebuleni na viatu vyake miguuni, kalamu ya kufutia mkononi, akamkuta Bi Mwanakombo anapakua pilau. Nyuma yake ulining'inia mchoro wa mji wa miaka mia tatu nyuma, barabara imefurika wachukuzi, wauza kahawa na wanawake wenye vikapu.

“Hitima ya nani, bibi?”

“Ya hao.” Akaonyesha ukutani kwa upawa. “Wote wangu.”

“Hata majina yao huyajui.”

“Aliyewasomea hitima ndiye jamaa yao. Nenda kawaambie waliokutuma.”

Makame akawasha kalamu, ikaanza kunguruma. Bi Mwanakombo hakumzuia. Alimsogezea sahani.

“Basi kula kwanza, mwanangu. Ukishamaliza wali wa hitima yao, simama uwafute, mimi nakutazama.”

Makame aliutazama ule umati ukutani, nao kama unamtazama yeye. Kalamu ikiwa bado inanguruma, akainama, akavua viatu.