Anatakiwa Mtu wa Kukaa na Bibi

Sahani ya samaki mbichi ilimpita Kijakazi kwa mara ya nne, naye bado hajathubutu kuigusa. Mkanda uliobeba vyakula ulizunguka polepole katikati ya mkahawa, watu wameketi pande zote, kila mmoja akijichukulia sahani inayomfikia. Yeye mikono yake ilikuwa mapajani. Hakuja kula. Alikuja kuomba kazi.

Viza yake ilibakiza siku tatu. Duka la vitambaa lililomleta Dubai lilifungwa, na katika chumba cha mtaa wa International City alikolala na wanawake wengine saba, kila aliyekuwa akitafuta kazi alikwishachoka kutafuta. Asipopata wa kumdhamini kabla ya Alhamisi, angerudi Malindi mikono mitupu, kwa mtoto aliyemwahidi shule.

"Kula, mwanangu," alisema mwanamke aliyekaa kando yake. "Chakula kimeshalipiwa."

"Shukrani, madam."

"Usiniite madam. Niite Bi Ummulkheir."

Kijakazi alimpenda palepale. Kwa kile Kiunguja chake safi, alijua ameangukia moja ya zile familia za Kiarabu zilizotoka Unguja, ambazo hadi leo hugombana na kupatana kwa Kiswahili. Bahati iliyoje, kupata mwajiri wa kuelewana naye bila mkalimani! Abaya yake ilikuwa ya bei, imetariziwa vizuri, ingawa ilimpwaya na mikono yake ilimfunika hadi vidole. Uso tu ndio uliokuwa umechoka, umechoka kabisa, macho yameingia ndani. Kumbe matajiri nao huchoka, Kijakazi aliwaza.

"Nyumba ina watu wanane," Bi Ummulkheir alisema. Huku akizungumza alikuwa akizipanga sahani tupu kufuata rangi zake na kufuta matone ya mchuzi mezani kwa tishu. "Wa tisa ni bibi, hainuki kitandani. Huyo ndiye atakayekuwa wako. Usiku huita mara tatu, mara nne. Ukimgeuza, mlaze ubavu wa kushoto, wa kulia unamuuma. Na taa usiwashe, hulia."

"Nitafanya hivyo, Bi."

"Umewahi kukosa usingizi? Sisemi wa siku moja. Wa mwaka."

"Nina mtoto. Nimezoea."

"Ana miaka mingapi?"

"Minne."

Bi Ummulkheir aliitazama sahani ya mayai ikipita. "Wangu yuko mbali," alisema.

Uingereza, Kijakazi aliwaza. Ndiko wanakowasomesha watoto wao.

Upande wa pili wa mkanda, mwanamke mmoja wa Kiarabu alikuwa akimlisha binti yake mdogo. Kila baada ya tonge aliinua macho kuwatazama, kisha akatazama saa. Kijakazi aliona haya. Labda ushamba wake ulikuwa umeonekana, kukaa mbele ya chakula chote kile bila kula. Akachukua sahani moja, akala wali, samaki akamwacha.

"Na likizo, Bi?" aliuliza kwa woga.

"Ipo. Akipatikana mtu wa kushika nafasi."

Jibu hilo Kijakazi aliliona la haki. Hata dukani kwao ilikuwa hivyo hivyo.

Kisha Bi Ummulkheir akasema maneno ambayo Kijakazi hakuwahi kuyasikia kwa mwajiri yeyote.

"Nisikilize, mwanangu. Nyumba ni nzuri, utaiona. Lakini nyumba njema si mlango. Ukiniambia huwezi, wallahi sitakasirika. Nitakuombea dua, uende zako. Usinijibu haraka."

Machozi yalikuwa yakimlenga Bi Ummulkheir. Kijakazi aliguswa. Wangapi mjini humu humwonea mtumishi huruma kabla hata hajaanza kazi? Mtu wa namna hii hawezi kumtesa mwenzake. Kuamka mara nne usiku si kitu, ukijua asubuhi utaamkiana na binadamu. Akaifikiria Alhamisi. Akamfikiria mtoto, anavyokimbilia kila gari linalosimama nje akidhani mama yake amefika.

"Naweza, Bi. Nimekubali, kwa moyo mmoja."

"Pasipoti unayo hapo?"

"Ninayo."

Bi Ummulkheir alifumba macho. Midomo ilimtetemeka, isijulikane anashukuru au anatubu.

"Unisamehe," alisema.

"Nikusamehe nini, Bi?"

Bi Ummulkheir aliinua mkono kidogo tu, kama mtu anayeita mhudumu.

Mhudumu hakuja. Upande wa pili, yule mwanamke wa Kiarabu alimfuta binti yake mdomo, akafungua mkoba, akatoa kitu na kukiweka juu ya sahani tupu kwenye mkanda. Sahani ikaja taratibu nyuma ya sahani za kamba na za mayai, ikawapita wateja waliokuwa wakicheka na simu zao, mpaka ikawafikia. Ilikuwa na pasipoti ya Tanzania. Bi Ummulkheir aliinyakua, akafunua ukurasa wa picha. Alikuwa ni yeye mwenyewe, miaka sita nyuma, mashavu yamejaa.

"Haya, weka yako," alimwambia Kijakazi, akiishikilia sahani isiende. "Madam anasubiri."