Kiatu Chini ya Gari

Kiatu kilikuwa cha mtoto, cha mguu wa kushoto, na kilikuwa kimebanwa kati ya bomba la moshi na sakafu ya gari.

Fundi alikuwa amelala chali juu ya ubao, tochi mkononi. Alikitazama, akakivuta. Ndani mlikuwa na soksi, na soksi ilikuwa imekauka ikawa ngumu kwa damu.

Hadi dakika ile ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Mzee mmoja mpole alikuwa ameleta gari kuukuu, limevutwa kwa kamba, akaomba tu aambiwe limeumia nini huko chini.

"Wewe ndiye Nukta?" aliuliza.

Fundi akacheka. Jina hilo lilimpata kwa sababu kila alipochomelea chuma alikigonga nukta tatu, kwa nyundo na msumari, mtu asije akamletea uchafu wa fundi mwingine akasema ni wake. Maringo hayo! Lakini kazi yake ilimruhusu.

"Ndiye mwenyewe, mzee wangu. Umefika."

Aliinua gari kwa jeki, akasimamisha gogo chini ya chasisi kama afanyavyo miaka yote, akajisukuma mvunguni akiimba. Huko alisoma mengi. Sampu, lile bakuli la oili, imebonyea. Bomba limekunjika. Sakafu imechanika upande wa dereva, na kutu imesaidia. Gari liliacha njia, likapanda zege, likaburuta kitu.

Sasa alikijua hicho kitu.

Mwaka juzi gari lilimgonga binti yake wa miaka saba mbele ya duka, likakimbia. Alimzika bila kumjua aliyemuua. Tangu hapo, madereva wote wa namna hiyo kwake walikuwa mtu mmoja, na leo mtu huyo alikuwa amekuja kwa miguu yake, tena na shikamoo amepewa.

Alitoka mvunguni damu ikimchemka. Ilikuwa saa ya chakula, gereji nzima tupu. Aliling'oa lile gogo chini ya chasisi kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu na mkono.

"Nani huyu?" Akamtupia mzee kiatu kifuani.

Mzee alikidaka kwa mikono miwili. Akakikumbatia.

Gogo lilimpata begani. La pili likamwingia mbavuni, na kitu kilivunjika humo ndani, kikasikika. Mzee akaanguka kwa magoti kwenye oili. Fundi akalitupa gogo hadi ukutani, akamkamata kola, akaendelea kwa ngumi, mdomo, pua, jicho, bila kuhesabu.

"Unaua mtoto wa watu halafu unaleta gari litengenezwe! Za mwizi arobaini, mzee. Leo zako zimetimia!"

"Piga," mzee alisema, damu ikimtoka kidevuni. "Nimestahili. Nusu."

"Nusu ya nini, mshenzi wewe?"

Mzee alitema jino, akalitazama kana kwamba si lake.

"Ni mjukuu wangu," alisema. "Alikuwa amesimama getini ananisubiri, kama kila siku. Nikazungusha usukani niingie. Usukani ukageuka, gurudumu likakataa."

Ngumi ya fundi ilibaki hewani. Lahaula! Aliitazama ile mikono ya kizee, ilivyokuwa bado imekikumbatia kiatu, wala haikuinuka hata mara moja kujikinga. Akamwegemeza mzee kwenye bampa, akamfuta uso kwa shati lake mwenyewe.

"Nisamehe, baba. Nisamehe. Na mimi nilizika wangu."

"Basi niangalizie, mwanangu. Nataka kujua gurudumu lilikataa kwa nini."

Fundi hakungoja kuambiwa mara mbili. Alirudi mvunguni machozi yakimtoka, akaelekeza tochi nyuma ya gurudumu la mbele, kwenye tope na grisi.

"Nimeona! Tairodi imekatika, mzee, huu mkono wa chuma unaovuta gurudumu. Na kumbe iliwahi kuvunjika zamani, mtu akaichomelea!"

"Kwani haichomelewi?"

"Thubutu! Inatupwa, inanunuliwa nyingine. Mzee, nisikilize. Hukuua wewe. Muuaji ni aliyechomelea hapa, na Mungu akinikutanisha naye, polisi watachelewa."

"Ungemfanya nini?"

"Ningemlaza hapa nilipo, nikaachia jeki."

Miguu ya mzee ikaburuzika sakafuni. Sauti yake sasa ilikuwa karibu zaidi.

"Baba yake mtoto ndiye aliyeipeleka kwa fundi. Siku ya mvua, kwenye mfuko, hata gari lenyewe fundi hakuliona. Akamlilia: ya siku mbili tu, nitafute mpya. Fundi akamwambia, ya siku mbili haina neno. Kijana naye akasahau."

"Fundi gani huyo?"

"Futa grisi, mwanangu. Aliacha alama."

Fundi alifuta kwa kidole gumba. Nukta moja. Ya pili.

Hakufika ya tatu. Jeki ilishusha pumzi, na mzee akasema, kwa upole ule ule aliokuja nao, "Nusu yako."