Rili Nyekundu ya Mama Kinyua

Ishmael alimrudishia Wanja tena ile rili ya kijivu, kigurudumu cha kukunjia uzi wa kuvulia. Haina mbwembwe, haichezi mkononi, na mpini wake unazunguka bila kukwaruza. Wanja aliitazama kwa adabu, kama msichana anayeonyeshwa mchumba asiyemtaka, kisha akanyoosha kidole kwa ile nyekundu iliyoning'inia dirishani.

"Hiyo inaonekana kwa mbali?"

Ishmael, mvuvi tangu kidevu chake hakijaota kitu, alimwambia samaki hawajali rangi. Younis, mwenye duka hapo Embu mjini, akasema yeye ana wateja wanaochagua hata misumari kwa rangi. Wakacheka. Kisha wakakumbuka mama huyu anatafuta nini, na Younis akaishusha ile nyekundu dirishani.

Hakuwa anatafuta samaki. Pikipiki ya mwanawe Kinyua ilikuwa imemgonga mtoto sokoni Kiritiri, mtoto akafa. Wajomba wa marehemu waliapa kwamba wakimpata Kinyua, hata kanisani, hatoki mzima. Wiki haikuisha, nguo zake zikakutwa ukingoni mwa bwawa la Kamburu, zimekunjwa vizuri, viatu juu. Watu wakasema majuto yamemzamisha. Wazamiaji walipiga mbizi mpaka wakachoka, na wenye boti wakaogopa viboko. Wanja akasema basi atamtafuta mwenyewe, kutoka nchi kavu, kwa ndoana.

Ishmael alijitolea bila kuombwa. Kaka yake alimezwa na bwawa hilo hilo, na familia ikazika jeneza lenye koti na suruali. Mama yao hakuwahi kulikaribia lile kaburi. Alisema hakuzaa mtoto anayeitwa Suruali. Ishmael husimulia hilo akicheka, na ukimwangalia vizuri unaona kwamba hacheki. Huyu mama, alijiapia, atapata mwili wa kuzika.

Wakachukua ile nyekundu. Ishmael aliikagua kwanza, asije akamnunulia mama pambo la ukutani, akakuta si mbaya. Akamwambia Younis aweke uzi mnene wa kusuka, wala asiujaze mpaka ukingoni, maana uzi uliofurika humwagika wote kwa mpigo.

Bwawani akamfundisha. Fungua kile kiwaya kinachozuia uzi, shika uzi kwa kidole, tupa, achia. Uzi ukishatua, rudisha kiwaya kwa mkono; ukiuachia mpini kazi hiyo, utashinda ukifungua mafundo. Na breki ya rili usiikaze kama kifuniko cha mtungi wa gesi. Kitu kizito kikishika, acha rili itoe uzi kidogo, la sivyo utakatika.

"Kwani nitashika kitu kizito?" Wanja aliuliza.

Ishmael aliinama kukagua fundo la ndoana. Alijua ni uchungu unaoongea.

Mama alikuwa mwepesi wa kujifunza. Kila asubuhi alisimama mahali pale pale, chini ya barabara, akitupa na kuvuta, rili ikimeta juani. Watu waliotoka sokoni walipunguza mwendo na kuvua kofia. Wale wajomba nao walikuja. Walisimama barabarani kwa muda mrefu wakimwangalia, kisha mmoja akateremka, akamwekea mama chupa ya maji karibu na miguu, wakaenda zao. Hawakuonekana tena.

Ishmael alimtania ili siku zisogee. Alimwambia kwa mkono ule alizaliwa Mbeere kwa makosa, kwao ni Homa Bay, ziwani kwa wavuvi. Wanja alitabasamu. Halafu akafungua pembe ya leso, akaitazama simu yake, akaifunga tena. Hiyo simu aliitazama mara nyingi kuliko maji.

Jambo moja tu lilimkera Ishmael: pale anapotupa mama hapana kitu. Kila kinachoelea Kamburu husukumwa upande wa chini, kwenye matete, karibu na kivuko ambacho watu wa zamani walivukia kwenda Ukambani. Siku za kawaida maji hapo humfika mtu kifuani, lakini tangu mvua kubwa inyeshe mlimani, wiki ile ile nguo zilipokutwa, hapakanyagiki. Alimsihi mara kwa mara waende huko. Mama alisema hapa panamtosha.

Anaogopa kumpata, Ishmael alijisemea. Hofu hiyo aliijua.

Alasiri moja akamwomba mama ile fimbo ya kuvulia yenye rili, eti aipake rili mafuta, akateremka nayo peke yake hadi kwenye matete. Hakutupa sana. Uzi ulinasa, akalegeza breki kama alivyofundisha, rili ikatoa uzi ikilia, kisha akaanza kuzungusha mpini, polepole. Kinyua alikuja kifudifudi, bila shati, bila haraka.

Ishmael alimfunika kwa koti lake, akatuma watu wamwite mama.

Wanja alikuja akitembea kama mtu anayekwenda kuhani msiba wa jirani. Nyuma yake wanawake walikuwa wameshaanza wimbo wa kanisa. Ishmael alipangusa macho. Ndani ya huzuni yake, hakuweza kujizuia, kulikuwa na kafahari kadogo.

"Pole, Mama," alisema. "Lakini mshukuru Mungu. Umempata."

Wanja aliinua pindo la koti. Alikaa matopeni bila kuangalia anakalia nini, akashika mkono uliokuwa chini ya lile koti, akaanza kuusugua kama wa mtu aliyeshikwa na baridi.

"Nilimwambia aache nguo kule juu," alimwambia Ishmael kwa sauti ya chini, "avukie hapa penye maji haba, na asipige simu mpaka watu waamini amekufa."